Maji ya bwawa la samaki yamegeuka kijani: tafuta chanzo kabla ya kumwaga dawa

"Tuliosha bwawa lote Jumamosi, tukajaza maji mapya. Wiki haijaisha, limerudi kijani." Ukizungumza na wenye mabwawa madogo ya nyumbani hapa Nairobi, anayefuga koi Karen au anayefuga tilapia nyuma ya nyumba Embakasi, hilo ndilo utakalolisikia zaidi. Mwingine atakueleza kwamba alinunua dawa ya mwani, maji yakang'aa vizuri, kisha samaki wakafa wote usiku mmoja. Malalamiko haya mawili yana mzizi mmoja: mtu alipigana na mwani bila kuuliza unakula nini.

Mwani unataka mwanga na mbolea. Mwanga hatuwezi kuukosa hapa. Jua la Nairobi hukaa juu karibu saa kumi na mbili kila siku, mwaka mzima, na hatuna baridi ya kugandisha maji ikaua mwani kama ilivyo nchi za mbali. Kilichobaki zaidi mikononi mwetu ni mbolea, yaani nitrojeni na fosforasi. Hizo huingia bwawani kupitia chakula cha samaki, kinyesi chao, majani yanayooza na maji yanayotiririka kutoka bustanini. Ukizipunguza, mwani hupungua wenyewe. Usipozipunguza, hakuna dawa itakayokusaidia zaidi ya wiki chache.

Jambo jingine la kukumbuka kabla hujagusa chochote ni kwamba mji wetu uko mita 1,700 hivi juu ya usawa wa bahari. Maji ya nyuzijoto 25 kule Mombasa yanaweza kubeba takriban miligramu 8 za oksijeni kwa lita. Hapa hayafiki 7. Maelekezo mengi ya mabwawa yameandikwa na watu wa sehemu za chini. Kosa ambalo samaki wa kule wangelivumilia, wa kwetu linawaua.

Uwe na vipimo vya amonia na nitriti, sumu zinazotokana na uchafu wa samaki, na cha pH, yaani kiwango cha asidi ya maji. Maduka ya samaki wa mapambo huviuza. Ujue pia ujazo wa bwawa lako: urefu mara upana mara kina, vyote kwa mita, kisha mara 1,000, upate lita. Bila namba hiyo kila dozi ni ya kubahatisha.

Dalili: maji yote ni kijani, samaki hawaonekani

Huu ni mwani mdogo sana unaoelea. Kama unafuga tilapia wa kula kwenye bwawa la udongo au la turubai, usikimbilie kuuondoa wote, maana ni chakula chao. Ingiza mkono majini ukiwa umekunja kiganja kuelekea juu. Kiganja kikipotea machoni maji yanapofika kwenye kiwiko au karibu yake, bwawa lako liko sawa. Kikipotea maji yakiwa bado kwenye kifundo cha mkono, mwani umezidi na usiku utakuja kuwa wa hatari. Kwa koi na samaki wa mapambo, ambao wanafugwa ili waonekane, soma yafuatayo kwa utaratibu wake.

Kwanza kabisa, chakula. Hiki ndicho chanzo cha kawaida kuliko vyote. Kipimo chake ni kile samaki wanachomaliza kwa dakika tano. Kinachobaki kikielea au kuzama ni mbolea tayari. Uliza pia nani mwingine analisha: watoto wakirudi shule wanatupa mkate, mgeni anatupa kipande cha chapati, mtunza bustani naye ana konzi yake ya asubuhi. Mtu mmoja apewe kazi hiyo. Kati ya Juni na Agosti, maji yakiwa ya baridi, samaki hula kidogo na kusaga chakula polepole, hivyo kile kipimo cha Februari ni kikubwa mno kwa Julai. Kulaza samaki wazima bila chakula siku mbili hakuwadhuru hata kidogo.

Pili, wingi wa samaki. Koi mmoja mkubwa anahitaji kama lita 1,000 zake. Tilapia kwenye bwawa lisilo na pampu ya hewa, watatu hivi kwa kila mita ya mraba wanatosha. Koi wanauzwa wakiwa wadogo wa kutosha kulala kiganjani, na mtu ananunua kumi kwa furaha. Baada ya miaka miwili bwawa ni lile lile lakini kinyesi ni cha samaki wengine kabisa. Hapa hakuna hila: gawa baadhi yao au ongeza bwawa.

Tatu, kichujio. Angalia kwanza kama maji yanapita ya kutosha. Kinga maji yanayorudi bwawani kwa ndoo ya lita 20 na uhesabu sekunde. Ikijaa kwa sekunde 40, unapata lita 1,800 kwa saa. Maji yote ya bwawa yanafaa kupita kwenye kichujio angalau mara moja kila saa mbili. Yakiwa machache, safisha kikapu cha pampu kabla ya kulaumu pampu yenyewe.

Halafu uliza sponji zinaoshwaje, maana hapa ndipo mabwawa mengi yanapoharibikiwa. Ndani ya sponji wanaishi bakteria wanaogeuza amonia kuwa nitriti, na nitriti kuwa nitrati. Ukizisuguza chini ya mfereji hadi ziwe kama mpya, klorini ya maji ya mji inawaua, na itachukua wiki nne hadi sita kuwarudisha, zaidi wakati wa baridi. Chota ndoo ya maji ya bwawa, tumbukiza sponji, ikamue mara tatu au nne mpaka ule uji wa kahawia utoke, kisha uirudishe ikiwa bado ina rangi. Sponji ya rangi ya chai inafanya kazi. Usioshe zote siku moja. Kuosha bwawa zima kwa brashi na kumwaga maji yote ni kosa lile lile kwa ukubwa zaidi, na ndiyo sababu ya bwawa la yule wa Jumamosi kurudi kijani: aliwatoa bakteria, samaki wakaendelea kutoa amonia, na mwani ukawa wa kwanza kuikuta.

Nne, jua. Bwawa lililo wazi kuanzia asubuhi hadi jioni, lenye kina cha nusu mita tu, ni vigumu kulituliza. Funika nusu hadi theluthi mbili ya uso wa maji kwa yungiyungi au mimea mingine inayoelea, au tandaza neti ya kivuli ile wanayotumia wakulima wa vitalu. Mimea ina faida ya ziada, kwa kuwa inanyonya ile mbolea ambayo mwani ungeila.

Tano, mbolea ya bustani. Simama kando ya bwawa mvua ikinyesha na utazame maji yanatoka wapi. Kama nyasi ziko juu ya bwawa na zimepigwa mbolea ya DAP au CAN, au kuna banda la kuku upande wa juu, tatizo lako linaingia kila mvua. Inua ukingo wa bwawa sentimita kumi na tano au uchimbe mtaro mdogo wa kuyapitisha pembeni.

Ukishatimiza hayo yote ndipo taa ya UV, yaani ya mionzi ya urujuanimno, ina maana. Inaua mwani unaoelea unaopita ndani yake, na kwa koi ni kifaa kizuri. Ila balbu ikishawaka karibu mwaka mzima nguvu yake imepungua sana, ingawa bado unaiona ikiwaka buluu. Anayesema "taa yangu inawaka lakini maji ni kijani" abadilishe balbu kwanza. Usiitazame ikiwa wazi, inaumiza macho.

Dalili: maji ni safi lakini kuna nyuzi ndefu za kijani

Nyuzi hizi hushika mawe, kuta na maporomoko. Taa ya UV haizigusi, kwa sababu hazipiti ndani yake. Mara nyingi hutokea pale pale mtu alipofanikiwa kuondoa maji ya kijani: mwanga sasa unafika chini na mbolea bado ipo.

Chukua fimbo yenye ncha za matawi, izungushe ndani ya nyuzi mpaka zijikusanye, kisha vuta. Kila rundo unalotoa ni nitrojeni na fosforasi iliyotoka bwawani moja kwa moja. Liweke kwenye mboji ya sukuma wiki. Fanya hivyo kila wiki, badilisha asilimia 10 hadi 20 ya maji, ongeza mimea. Huhitaji kumaliza nyuzi zote. Ule utelezi mfupi wa kijani ukutani uache, samaki wanaudonoa na hauna ubaya.

Kuna wanaoshauri mrututu, yaani salfati ya shaba. Mimi nasema usiitumie kwenye bwawa la nyumbani. Maji ya mfereji ya Nairobi mengi hutoka milima ya Aberdare kupitia mabwawa ya Ndakaini na Sasumua, na ni maji laini, yenye madini machache. Shaba huwa kali zaidi kwa samaki katika maji ya namna hiyo, na tofauti kati ya dozi inayoua mwani na inayoua samaki inakuwa nyembamba mno.

Dalili: utando kama rangi iliyomwagika juu ya maji, harufu ya udongo au uozo

Hapa simama. Huenda huu si mwani wa kawaida bali sainobakteria, yaani bakteria wanaofanana na mwani, na aina zake nyingine hutoa sumu inayodhuru ini na neva. Mbwa akinywa maji hayo anaweza kufa.

Jaza chupa ya kioo robo tatu kwa maji ya bwawa ukiwa umevaa glavu, ifunge, iweke dirishani usiku kucha bila kuitikisa. Asubuhi, kama ukijani umepanda ukafanya tabaka juu na maji ya chini yako wazi, shuku sainobakteria. Kama umetawanyika au umetulia chini, yamkini ni mwani wa kawaida. Jaribio la pili: vuta kijiti kwenye utando. Kikitoka na nyuzi zinazoning'inia ni mwani wa nyuzi. Kikitoka kimepakwa rangi tu, shuku inabaki.

Zuia watoto na wanyama, usile samaki wa bwawa hilo, na usimwage dawa yoyote ya kuua mwani, maana sainobakteria wakifa kwa pamoja huachilia sumu yote majini kwa mara moja. Mwite afisa wa uvuvi wa kaunti au daktari wa mifugo anayejua samaki. Kitivo cha tiba ya mifugo cha Chuo Kikuu cha Nairobi kiko Upper Kabete, na ni mahali pa kuulizia anayeweza kukusaidia. Mbwa aliyekunywa apelekwe kwa daktari papo hapo, hata kama bado anatikisa mkia.

Dalili: samaki wako juu alfajiri wakipumua kwa mdomo

Hii ni dharura, hata kama jua likitoka wanarudi chini. Mchana mwani hutoa oksijeni; usiku huivuta kama samaki wenyewe. Kufikia saa kumi na moja alfajiri imebaki kidogo sana. Jana walinusurika. Leo, kukiwa na mawingu mchana kutwa, huenda wasinusurike.

Fanya haya sasa hivi: acha kulisha, washa pampu ya hewa au elekeza mpira wa maji urushe matone juu ya bwawa. Kama ni maji ya mfereji, usizidishe sehemu moja ya kumi ya bwawa bila kuondoa klorini. Stima ikiwa imepotea, chota maji kwa ndoo na uyamwage bwawani kutoka juu ya kichwa, tena na tena. Ni kazi ngumu lakini inaokoa samaki.

Kisha tafuta sababu. Ya kwanza kabisa Nairobi ni pampu kuzimwa usiku ili kupunguza bili. Pampu inahitajika zaidi usiku kuliko mchana, na bakteria wa kichujio nao hufa maji yakisimama kwa saa nyingi. Kama ni lazima kuokoa stima, punguza saa za maporomoko ya mapambo mchana, na pampu ya hewa iendelee. Sababu ya pili ni mwani kufa kwa ghafla. Bwawa lililokuwa kijani kabisa jana na leo limegeuka kahawia au limekuwa wazi bila wewe kufanya lolote si habari njema. Mwani umekufa, unaoza, na uozo unakula oksijeni. Hivyo hivyo hutokea baada ya dawa. Sababu ya tatu ni tope jeusi chini, lenye harufu ya yai bovu. Usilivuruge samaki wakiwemo. Lifyonze kidogo kidogo kwa mpira kwa wiki kadhaa.

Kama oksijeni si tatizo na bado wanahema, pima amonia na nitriti. pH ni muhimu hapa. Maji yakiwa pH 7 na nyuzijoto 25, chini ya asilimia 1 ya amonia ndiyo iliyo katika hali ya sumu kali. pH ikifika 9, zaidi ya theluthi iko hivyo. Na bwawa la kijani linaweza kufika 9 ifikapo saa kumi jioni, kwa kuwa mwani umenyonya hewa ya ukaa yote. Ndiyo maana kipimo cha asubuhi peke yake hakitoshi. Nitriti ikiwa juu, kilo 1 ya chumvi ya kawaida kwa kila lita 1,000 huwakinga samaki wakati unabadilisha maji. Chumvi, si magadi; magadi yatapandisha pH na kuiongezea amonia ukali.

Samaki wakifa zaidi ya wawili kwa siku, au wakionyesha vidonda na utando mwilini, mwite mtaalamu wa samaki. Usianze kujaribu antibiotiki za kuku.

Dalili: maji ni mekundu au ya kahawia

Maji mekundu baada ya mvua za Machi hadi Mei au za Oktoba hadi Desemba ni udongo. Upande wa Karen, Westlands na Runda ni ule udongo mwekundu. Embakasi na South C ni mweusi wa kunata, na chembe zake hukaa majini wiki nyingi bila kutua. Zuia kwanza maji yanayoingia. Kisha jaribu shabu kwenye ndoo kabla ya bwawa: gramu 10 hadi 25 kwa lita 1,000 kwa kawaida hutosha kukusanya chembe zikatua, ila shabu hushusha pH, na kwa maji laini ya mvua au ya mfereji inaweza kuishusha ghafla. Pima pH kabla na baada. Ikishuka chini ya 6.5 kwenye ndoo, acha.

Kahawia ya chai, lakini wazi, hutokana na majani. Jakaranda zinapochanua, Septemba hadi Novemba, maua huanguka kwa wingi na bwawa lililo chini yake hulowa yote hayo. Tandaza neti juu ya bwawa kwa miezi hiyo na uinue maua kila jioni. Rangi yenyewe haidhuru. Mkaa maalumu wa kuchujia maji huiondoa. Mkaa wa jiko si ule, na majivu yake yatakupandishia pH.

Dalili: maji meupe yenye ukungu, au povu

Bwawa jipya, au lililooshwa lote, huwa na ukungu mweupe siku kadhaa bakteria wakijipanga. Lisha kidogo, subiri, pima amonia kila siku. Povu lisilovunjika chini ya maporomoko ni protini: chakula kingi, samaki kutaga, au samaki mmoja amefia kwenye kona. Mtafute.

Bwawa jipya la saruji ni habari nyingine. Chokaa hutoka ukutani na kupandisha pH hadi 10. Lijaze, likae wiki, limwage, urudie mpaka pH itulie, ndipo uweke samaki.

Maji ya kujazia, stima na uchafu

Maji ya mfereji yaache kwenye tangi lililo wazi, yenye hewa ikipigwa, saa 24 hadi 48, au tumia thiosulfati ya sodiamu, ile dawa ya kuondoa klorini, kwa dozi ya kwenye pakiti. Maji ya kisima kirefu hayana klorini, lakini hutoka ardhini yakiwa na oksijeni kidogo na mengi ya hapa yana pH ya juu. Yarushe hewani kwanza. Maji ya lori yachukulie kuwa yana klorini mpaka upime.

Ukihisi mtetemo ukigusa maji, au kikata-umeme kinajizima kila pampu ikiwashwa, usiingize mkono tena. Zima swichi kuu na umwite fundi wa stima mwenye leseni ya EPRA, mamlaka ya kusimamia nishati. Volti 240 na maji havijaribiwi. Pampu ya bwawa iwe kwenye saketi yenye kikata-umeme cha kuzuia mshtuko, na viunganishi visilale chini kwenye nyasi. Vile vile, bwawa likipungua zaidi ya sentimita mbili hivi kwa siku bila jua kali, uvujaji wa ukuta wa saruji ni kazi ya fundi wa mabwawa. Kuendelea kujaza kila jioni kunaingiza klorini na kuwachosha bakteria bila wewe kujua.

Mimea inayozidi, hasa gugu maji, usiitupe mtoni wala kwenye mtaro wa barabara. Bwawa la Nairobi kule Lang'ata lilifunikwa na gugu hilo hilo. Kausha kwenye jua mpaka mizizi ife, kisha mboji. Maji machafu unayotoa bwawani yamwagilie migomba au mboga. Ile mbolea iliyokusumbua bwawani hapo ina kazi.